Mdahalo wa Takwimu na Kikohozi cha Babu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya shule nzima. (Sare nilikuwa nimevaa, tulieni.)

Tulikuwa na mdahalo bwaloni: "Takwimu za vifo vya corona nchini ni za kuaminika." Mimi ndiye kiongozi wa upande wa kupinga. Hoja ninazo, ila akili yote ilikuwa Chiwanda, kule ziwani kwa Babu. Anakohoa wiki nzima hii, na tangu juzi simu yake haipatikani. Mama analala na simu kifuani. Anasema hana wasiwasi. Asubuhi kanitilia chumvi kwenye chai.

Nikasimama, nikapayuka kama mgombea.

"Mheshimiwa mwenyekiti! Kule vijijini mzee akikohoa mpaka akafa, tunachimba kaburi, tunaimba, tunakula ugali, tunarudi shambani! Nani anampigia simu waziri? Hahesabiwi!"

Makofi! Skolastika, kiongozi wa upande wa kutetea, akanyanyuka (huyu dada hatabasamu bure).

"Taarifa, mwenyekiti. Mzungumzaji ana ushahidi, au anaua watu kwa mdomo tu?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikamwona Mjomba mlangoni.

Mjomba, kaka yake mama, anaishi na Babu kulekule Chiwanda. Kavua kofia. Kainamisha kichwa. Kwetu ndugu hatoki ziwani mpaka Mbinga kukufuata shuleni saa za masomo eti akusalimie!

"Samahani mwalimu, namwomba mpwa wangu nje kidogo." Kisha akanitazama. "Nimetoka kwa babu yako, mjomba. Chukua na wenzako wawili wenye nguvu, mje wote."

Wawili wenye nguvu! Jamani, si ndio wale wa kukushika ukipewa habari? Nilimshika jirani yetu alipofiwa, kazi hiyo naijua.

Sikusubiri kutolewa nje. Nikajitupa sakafuni.

"Babu jamaniii! Babu hukuhesabiwaaa!"

Kamasi, vumbi, kiatu kimoja kikaruka hadi miguuni kwa mwalimu. Wasichana wa kwaya wakaanzisha wimbo wa mazishi, sauti zote nne (walipatia kweli). Mwalimu kavua miwani, anafuta machozi.

Mjomba akatoa macho. "We mtoto una nini? Babu yako kakutumieni gunia la dagaa, usipa mtupu! Liko kwenye Fuso, zito, dereva anawahi Songea, na kwenu nimekuta pamefungwa!"

"Na kikohozi?"

"Kimepungua. Simu ndiyo imetumbukia ziwani, na mimi sina."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mimi bado niko chini, sijui niamke au nijifanye nimezimia. Skolastika akasimama taratibu.

"Mwenyekiti, naomba kwenye takwimu za upande wa kupinga tupunguze mmoja."

Bwalo likalipuka. Mdahalo ukaishia hapo. Gunia nikalibeba, kiatu kimoja mguuni, kingine sikuthubutu kukifuata.

Jioni Babu akapiga kwa simu ya jirani yake. Mama akalia, akacheka, akalia tena. Kisha nikapewa mimi.

"Nasikia nimekufa."

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Walilia wengi?"

"Mpaka mwalimu."

Akacheka hadi akakohoa. Nikashika pumzi, nikakisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha.

Haya, usipa tumekaanga, upo wa kutosha, karibuni nyumbani. Ila atakayecheka, hali.