Gari la Posa Halizimwi

Jumamosi ile Jesse alifika kijiweni na habari kabla ya salamu, ndiyo maana tunamwita Breking. Kijiwe chetu ni mabenchi mawili ya Mama Joyness muuza kahawa, nyuma ya stendi ya Babati, mlangoni pa banda langu la kunyolea. Mimi ni kinyozi, kwa hiyo uongo mwingi wa mji huu hupita mikononi mwangu kabla haujafika sokoni.

"Wazee! Mmesikia? Kampuni moja ya magari huko ughaibuni imeyaita magari yake ya familia yote yarudi kiwandani. Yana hitilafu. Shikamooni."

Hakuna aliyeuliza ni gari gani. Sote tuligeuka kulitazama la Baba Feisal, lililoegeshwa pembeni ya benchi likinguruma bila mtu ndani.

Baba Feisal ana duka la vitenge, na hilo ndilo gari lake la familia: refu, viti saba, rangi ya fedha upande mmoja na rangi inayotaka kufanana na fedha upande wa pili. Lina ugonjwa mmoja mkuu. Ukilizima likiwa la moto, haliwaki tena mpaka lipoe, na kupoa linapoa kwa hiari yake. Kwa hiyo halizimwi. Mwenyewe anakunywa kahawa linanguruma, ananyolewa kwangu linanguruma, anaingia kumpa mtu pole ya msiba linanguruma nje kama linalia na wafiwa. Hapa kijiweni mwenyewe tunamwita Usizime.

"Likirudi kiwandani watalitambuaje?" aliuliza Pantaleo, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hakuna bonde la nchi hii hajalala ndani yake na mzigo. "Mlango wa nyuma umetoka kwenye gari la Singida. Boneti imetoka kwenye gari lililopinduka Bonga. Siti ya dereva, nimeikalia mwenyewe, ni ya basi. Cha kwao kilichobaki ni yule mama tu."

Yule mama ni sauti ya kike inayotamka maneno ya Kijapani kila gari linapowashwa. Baba Feisal alinunua gari naye akiwa ndani, na mafundi wote wa Babati wameshindwa kumnyamazisha.

"Hivi huwa anasema nini?" aliuliza Mama Joyness akisuuza vikombe.

"Anasalimia," alisema Baba Feisal.

"Kwa ukali ule? Mimi naona anasema shukeni."

Breking alikuwa bado ana simu mkononi. "Hapa kuna kundi la wamiliki wanalalamika. Huyu wa Ulaya anasema kiti chake kinachelewa kupata joto."

"Kiti?" Pantaleo akaweka kikombe chini.

"Ndiyo, kiti. Kina kidude cha kupasha makalio."

"La Usizime halina kidude na linapasha. Nilikaa mbele kutoka hapa mpaka Magugu, nikashuka nimeiva upande mmoja."

"Mwingine huyu analalamika kioo cha dirisha kinapanda kwa kusitasita."

"Mwambie ashukuru Mungu wake," nikasema. "Kuna kioo tunakijua sisi kilishuka wakati wa mahindi mabichi, mpaka leo hakijaonekana."

"Huyu anasema taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, amekosa usingizi."

"Si aifunike?" Baba Feisal alisema kwa upole wa mtu mzima anayemwonea huruma mtoto. "Yangu niliibandika solotepu nyeusi. Tangu siku hiyo sijaona hitilafu."

"Na huyu geji yake ya mafuta haisomi sawasawa."

"Yangu inasoma. Imejaa."

Benchi zima lilicheka mpaka Mama Joyness akalishika birika lisianguke. Geji ya gari lile imejaa tangu siku linanunuliwa. Limeshatuishia mafuta njia ya Galapo likiwa limejaa. Limeshatuishia mlangoni pa kituo cha mafuta, likiwa limejaa vilevile, na mwenye pampu akatuuliza tunataka kuweka wapi.

Baba Feisal hakucheka. Alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena.

"Jamani, leo naomba lisisemwe vibaya. Leo ndilo linakwenda Nakwa."

Habari ya Nakwa tulikuwa tunaijua sote. Feisal, mtoto wake wa kwanza, anampenda Amira wa huko Nakwa, na Amira anampenda Feisal, jambo ambalo ni nadra mpaka inaonekana ni dhambi kuliharibu. Lakini nyumba ile mwenye kauli si Baba Amira. Mwenye kauli ni dada yake, Bi Hadija, na Bi Hadija alishatangaza kwamba hapokei washenga wanaokuja na bodaboda kama wanafuata vitunguu. Tena kesho yake, Jumapili, kulikuwa na watu wa Bonga wanakuja kwa Amira huyohuyo, na wao walikuwa na gari jipya ambalo bado viti vina nailoni.

"Feisal hali chakula," alisema Baba Feisal. "Anakaa dukani anapima kitenge kilekile asubuhi mpaka jioni. Na mama yake kaniambia, posa ikiharibika kwa sababu ya hili gari, nihamie humo na blanketi."

"Viti saba, utalala vizuri," alisema Breking.

"Nyamaza wewe."

Baba mtu haendi kwenye posa ya mwanawe, anatuma. Mshenga alikuwa Hatibu, tunayemwita Asali kwa sababu ya mdomo wake. Asali aliwahi kumuuzia mtu banda la kuku pamoja na kuku wa jirani, na jirani mwenyewe akawa shahidi. Dereva alikuwa Pantaleo. Walipopanda, Baba Feisal aliinama kwenye lile dirisha lisilo na kioo.

"Usilizime."

"Sizimi."

"Hata akija nani. Waambie chochote. Usilizime. Na mafuta ni ya kwenda na kurudi tu, msiniletee safari za shangazi zenu."

Pantaleo akaweka gia. Gari likafikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha likakubali na kuondoka.

Tulikaa tukisubiri. Baba Feisal alikunywa kahawa mpaka Mama Joyness akamnyima, akamletea maji. Alasiri akaenda kuswali, akarudi mbio akidhani wamefika. Ndipo ikatokea bodaboda kutoka upande wa Nakwa, imepakia mshikaki: dereva mbele, Pantaleo katikati amefumba macho, Asali nyuma ameshika kofia kwa meno.

Baba Feisal alisimama. "Wamekataa."

"Wamekubali," alisema Asali akishuka.

"Alhamdulillahi." Akakaa. Akasimama tena. "Gari langu liko wapi?"

"Kaa kwanza, Baba Feisal."

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Hatibu, gari liko wapi?"

"Liko kwa wakwe zako. Limepumzika."

"Mmelizima?"

Pantaleo alinyoosha mkono kumwonyesha Asali, kama mtoto anayesema si mimi. "Muulize huyu na mdomo wake."

Asali alipewa kahawa, akaipuliza bila haraka. "Tulifika vizuri. Tukaliacha uwani linanguruma, tukakaribishwa mkekani. Sasa lile gari na uwanja wa watu, kuku wote wakakimbilia jikoni. Mimi nasema tumekuja kuomba ua, Baba Amira anasema eti nini. Narudia, anasema eti nini. Mwisho akaniuliza, ndugu zangu, mbona gari hamlizimi?"

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Nilimwambia, mzee, kwetu ni mila. Gari la posa halizimwi mpaka kauli itoke."

Breking aliangua kicheko akaanguka na benchi. Baba Feisal hakugeuka hata kumtazama.

"Akaamini?"

"Aliamini kuliko mimi. Akatikisa kichwa, akasema mila ni kitu kizuri, siku hizi vijana hawana. Bi Hadija naye akatoka ndani machozi yanamtoka. Mimi nadhani ni moshi, ila yeye alisema ni furaha. Akasema hajawahi kuona watu wanaoheshimu posa hivi, na haiwezekani wageni wachome mafuta yao bure, hivyo jibu analitoa sasa hivi. Amira ni wenu."

"Si mngeshukuru mkaondoka?"

"Ndiyo tukashukuru," alidakia Pantaleo. "Tukainuka. Bi Hadija akasema mnakwenda wapi, kauli si imeshatoka? Zimeni basi mle pilau."

Hata Breking, pale chini alipokuwa, alielewa.

"Mila ni yetu, Usizime," alisema Asali taratibu. "Ningeikanaje? Pantaleo akalizima. Tukala pilau, tukala na la nyongeza, nikasimulia habari za ukoo wako mpaka nikamaliza wa kweli nikaingia wa kubuni. Tukatoka, ufunguo ukazungushwa. Tii. Hakuna kitu. Na ukoo mzima umejipanga mlangoni kutuaga."

"Ukasemaje?" Safari hii aliyeuliza ni Mama Joyness, birika likiwa hewani.

"Nikasema ndiyo kawaida. Kwetu gari la posa likishazimwa haliwashwi tena mpaka siku ya ndoa. Linabaki kwa bibi harusi kama amana. Wakapiga vigelegele."

Baba Feisal alikaa kwenye benchi akainamia magoti yake, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikamwekea mkono mgongoni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu posa ile ianze kutajwa, nami nikafurahi kweli, maana Feisal nimemnyoa tangu nywele zake za kwanza.

"Basi," alisema akijifuta macho. "Nimepata mkwe, nimepoteza kelele. Kesho nikamwambie..."

Simu yake ikaita. Akaitazama, akaiweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Asalamu alaykum, mkwe," ilisema sauti ya Baba Amira, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo tunaoujua. "Kuna jambo. Mawingu yalitanda, kijana wetu akaingia garini apandishe kioo, mvua isije ikaingia. Kioo hakukiona, akagusa ufunguo. Gari limewaka."

Asali akaweka kikombe chini.

"Na humo ndani kuna mama akasema maneno fulani. Tumedhani ni dua, tukaitikia amina."

"Mmefanya vizuri," alisema Baba Feisal kwa sauti nyembamba.

"Sasa mkwe, tumekaa kikao. Washenga wako walisema haliwashwi mpaka siku ya ndoa. Nalo limewaka. Kwa hiyo siku ya ndoa ni leo?"

Baba Feisal alimgeukia Asali. Asali, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa anatazama viatu vyake. Pantaleo akanong'ona, "Kesho wanakuja wa Bonga."

"Ndiyo, mkwe," alisema Baba Feisal. "Ni leo."

"Nilijua. Basi shehe ni jirani, nimeshamtuma mtu. Tutafunga baada ya Magharibi. Dada ameshaweka sufuria jikoni. Ila msijisumbue kukimbilia, tuna nafasi. Kijana ameangalia geji, mafuta yamejaa."

Simu ikakatika. Baba Feisal aliitazama kama imemng'ata.

"Pantaleo. Yamebaki kiasi gani?"

"Ya kurudia tu. Yaani ya kutoka Nakwa mpaka hapa."

"Na limeshawaka."

"Limeshawaka. Likizima kabla ya ndoa, watasema leo si siku yake."

Sijawahi kuona kijiwe kikisambaa namna ile. Breking alikimbilia barabarani akisimamisha bodaboda zote, hata zenye abiria. Mama Joyness aliacha jiko linawaka akaenda kumwita Mama Feisal, naye tulimsikia akipiga vigelegele kabla hajaambiwa sababu. Mimi nilimvuta Feisal kutoka dukani na kitenge chake mkononi, nikampitisha mashine upande mmoja wa kichwa, upande wa pili nikamalizia tukiwa njiani, mashine ya betri, juu ya bodaboda. Pembeni yetu Baba Feisal alikuwa anapeperuka na kanzu, midomo inacheza.

"Unasoma dua gani, Usizime?" nilimpigia kelele.

"Miaka yote namwomba Mungu lisizime nifike dukani," alisema. "Leo naomba lisizime mwanangu aoe."

Tulilisikia kabla ya kuliona. Shehe alikuwa amekaa, mashahidi wamekaa, Bi Hadija amesimama kando ya gari na kanga ya sherehe kama askari wa zamu. Feisal akasukumwa mkekani, nywele zake zina ngazi mbili. Akaulizwa, akajibu nimekubali. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Subhanallah," walisema watu wa Nakwa, wote kwa pamoja. Baba Feisal aliliendea, akaliwekea mkono kwenye ile boneti ya Bonga, akaondoa mkono haraka kwa sababu ya moto.

Hayo ni ya mwaka jana. Juzi Pantaleo alikuja kijiweni akiwa amenuna, tukamuuliza kuna nini. Akasema amepita Nangara, akakuta wale jamaa wa Bonga wamepeleka posa nyumba nyingine. Gari lao jipya liko uwani, viti bado vina nailoni, linanguruma na ndani hakuna mtu. Akamwonea huruma dereva aliyesimama pembeni, akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama na lenyewe starta imekufa.

"Akanitazama juu mpaka chini," alisema Pantaleo. "Akaniambia, mzee, shikamoo, wewe ni mgeni huku? Gari la posa halizimwi."