Fahali wa Nusu Picha

Mjini Migori, mtu akitaka kuonekana mtu, alikuwa anamtafuta Arasa. Arasa alikuwa na kibanda cha picha nyuma ya steji ya matatu, kamera moja, kompyuta moja yenye kibonye cha M kilichong'oka, na ulimi ulioweza kumuuzia samaki mkazi wa kisiwa cha Mfangano. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kava, zile picha pana ambazo watu huziweka juu ya kurasa zao mtandaoni. Ulileta picha uliyopigwa kando ya gari la watu, naye akamkata mwenye gari, mkabaki wewe na gari. Wananchi wengi wa Migori walipata magari kwa njia hiyo.

Mwezi huo, hata hivyo, mwenye shida alikuwa Arasa mwenyewe. Alimpenda Bhoke, binti kutoka Ntimaru, akampenda hadi usingizi ukampaa. Ndiye aliyemfundisha Bhoke kukata picha kwenye simu, na mapenzi yakaanzia hapo. Lakini baba yake Bhoke, Mzee Nchagwa, alikuwa ametamka neno: Jumapili kijana alete fahali wa kufungulia mazungumzo, maana ng'ombe wake sita walikuwa wajane tangu dume lao life. Asipomleta, Bhoke angeposwa na Wangwe, jirani mwenye kinu cha kusaga unga. Arasa hakuwa na fahali. Hata kifaranga hakuwa naye.

Jumatano simu ikalia kutoka Homa Bay. Umoja wa wauza ndizi ulikuwa umefungua ukurasa, ukataka kava kabla ya Jumatatu, siku ya kuchagua mwenyekiti. Arasa akafika sokoni, akawapanga wanachama thelathini kwa safu tatu: vijana wamechuchumaa mbele, wakubwa wameketi vitini katikati, akina mama wamesimama nyuma. Kabla hajabonyeza kamera alikuwa ameshaiona riziki yake. Kava ni kama ubao wa benchi, ndefu lakini nyembamba. Safu tatu haziingii. Huingia moja na nusu, na ile nusu ndiyo yenye pesa.

Alianza na Mzee Maranga, mwenyekiti wa siku nyingi, aliyeketi katikati kabisa ya safu ya viti.

"Mzee, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni kichwa chako tu. Ona." Akamwonyesha kava kwenye simu. Vijana wa mbele walikuwa wanang'aa, na nyuma yao kulikuwa na safu ya mashati na tai, bila shingo. "Hii tai si ni yako?"

Mzee Maranga akaishika tai yake. "Ni yangu."

"Sasa Jumatatu watu watapigia tai kura?"

"Si uipandishe hiyo picha kidogo!"

"Naweza, Mzee. Lakini hiyo ni cropping, ukataji picha wa kitaalamu. Mtaalamu naye ana mambo yake Jumapili. Nahitaji fahali mmoja."

Mzee alikohoa hadi mteja akarudisha ndizi alizokuwa amezishika. "Fahali? Kwa kichwa changu?"

"Kwani wewe ulikuwa unakithamini ngapi?"

Swali hilo halina jibu la heshima. Mzee Maranga akakubali.

Kisha Arasa akavuka hadi upande wa pili wa soko, kwa Mama Nyanchama, aliyekuwa amesimama nyuma ya Mzee Maranga pichani na aliyekuwa akigombea kiti hicho hicho. Akamwonyesha kava nyingine, ambamo yeye amebaki aproni.

"Yaani mimi ni aproni?" Mama Nyanchama akawaka.

"Ndiyo maana nimekuja, Mama. Blanketi moja tu jipya, la mama mkwe wangu, na kichwa kinarudi."

Jioni hiyo kila mmoja akatumiwa kava yake ya siri, yeye katikati, kichwa kizima. Ukurasa ulikuwa mmoja na kava ni moja, lakini hilo halikumsumbua Arasa. Wote wawili walikuwa Waadventista wa kweli. Jua likizama Ijumaa, simu huzimwa hadi jua la Jumamosi lizame. Watakapoziwasha, yeye atakuwa mbali, akijiandaa kuitwa mkwe Ntimaru.

Alhamisi Mzee Maranga akamtumia picha ya fahali. Pembe zimesimama, nundu inang'aa, mgongo umenyooka, na picha imekatwa sawasawa kwenye tumbo, pana kama kava yenyewe. Arasa akafurahi kama mwalimu. "Huyu mzee anajifunza haraka," akasema.

Ijumaa mchana Mama Nyanchama akampa blanketi, limefungwa kwa utepe. Jioni Mzee Maranga akamleta fahali, keshapakiwa kwenye kanta, lori dogo, majani ya migomba yamemfika mbavuni.

"Panda haraka, kijana, Sabato inaingia!"

Arasa alizaliwa nyuma ya steji. Ng'ombe aliyemjua vizuri ni yule wa kwenye ndoano ya bucha. Akapanda. Njiani akauwekea ukurasa wa wauza ndizi kava yake isiyopendelea mtu: mikungu mitatu na magoti tisa. Kwa haki, magoti yalitoka vizuri.

Kanta ikalala Migori. Jumapili, Ntimaru, fahali akateremshwa. Kanta ikaondoka. Kabla mtu hajasogea, Arasa akapaza sauti, "Picha kwanza!" Akaipanga familia nzima mstari mmoja, na Wangwe, aliyedai amepita tu kusalimia. Akaiegemeza simu ya Bhoke kwenye ndoo, akaitega, akakimbilia mwisho wa mstari na kushika kamba ya fahali. Kilikuwa kilele cha maisha yake.

Ndipo Mzee Nchagwa akamzunguka fahali. Akampiga kofi mgongoni. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Akamwita ndugu yake, naye akainama. Wangwe akainama bila kuitwa.

"Kijana," Mzee Nchagwa akasema, "huyu ni nani?"

"Ni fahali, Tata," akajibu, akimwita baba kwa Kikuria.

"Huyu ni maksai. Amehasiwa miaka mingi hata mwenyewe amesahau. Wajane wangu sita watafanya nini na yeye? Wataimba kwaya?"

"Lakini kwenye picha..." Arasa akatoa simu, akaitazama picha. Pembe, nundu, mgongo. Tumbo halikuwepo, wala vya chini ya tumbo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akajiuliza ni nini kilichokatwa.

Mama mkwe naye alikuwa amefungua utepe. Blanketi lilimfunika bega moja. Lilikuwa la mtoto mchanga.

Arasa akapiga simu Homa Bay. Kilichopokea ni kicheko, tena cha watu wawili.

"Mzee, Mama Nyanchama yuko hapo?"

"Sasa awe wapi? Ni bibi yangu wa ndoa, mwaka wa thelathini na moja huu! Ile jioni ulitutumia hizo kava, tulikuwa tunakula meza moja. Kwa yangu yeye ni aproni, kwa yake mimi ni upara."

"Lakini Mzee, fahali..."

"Nilikutumia picha. Si wewe ulinifundisha kisichofaa kinakatwa? Na ukimlisha, mpondee. Hana meno."

Mzee Nchagwa akamwambia aondoke na mali yake. Arasa akashika njia ya Migori kwa miguu, maksai nyuma yake, akilia waziwazi, maana Bhoke hakutoka nje hata kumuaga.

Alikuwa hajafika mbali simu ilipolia. Taarifa ya mtandaoni: Bhoke amebadilisha kava. Arasa akaifungua. Ilikuwa picha ile ile ya asubuhi, imekatwa vizuri ajabu: vichwa vyote vimeingia, na Wangwe amesogea katikati bila kusogea. Pembeni kabisa, upande wa kulia, palibaki vidole vitano vimeshika kamba.