Mapumziko ya Mwaka wa Saba

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepata neno. Mhadhiri mmoja ameleta muswada wake tuujalidi, akasema yuko kwenye sabbatical: mwaka mzima hafundishi, na mshahara unaingia kama kawaida. Nikaacha gundi ikauke. Akanieleza kwamba neno hilo la Kiingereza asili yake ni Sabato, siku ya kupumzika, na kwamba katika maandiko ya kale hata shamba liliachwa mwaka wa saba bila kulimwa. Shamba! Mimi nimejalidi vitabu kwenye karakana ya Shangazi miaka sita na miezi minane. Kwa hesabu ya mtu mzima, ni saba.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwandikia Shangazi barua rasmi. Sabbatical mara nne, mojawapo kwa herufi kubwa tupu. Miwani, msaidizi wangu, aliichungulia akauliza kama huo ni ugonjwa wa mgongo. Nilimhurumia. Na mtu huyohuyo ndiye anayeitolea macho meza yangu ya dirishani, meza ya fundi mkuu! Ataisubiri sana.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi kaniita. Kumbe alishampigia simu mhadhiri. Akasema siku hizi neno hilo halina maana ya kulala. Mtu huondoka na kazi maalumu, na akirudi huonyesha alichovuna. Nikasema naandika kitabu kuhusu gundi. Akauvuta muswada wa mhadhiri, ambao nilikuwa nimeuvisha jalada kichwa chini miguu juu.

"Shamba hupumzishwa kwa sababu limezaa mpaka limechoka, mwanangu. Wewe umezaa nini?"

Nikamwonyesha kishujaa vidole vyangu vyenye gundi. Basi akakubali! Mwezi mmoja wa majaribio, kuanzia kesho. Miwani atakaimu nafasi yangu. Akaimu tu, atajua kazi ni nini.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya kwanza. Mke wangu amesema hata shamba lililopumzika hupaliliwa, akanipa ufagio. Saa nne nikaanza kitabu: "Gundi ni kitu kinachonata." Hapo nikakwama. Saa tisa nikajikuta nje ya karakana, kwa bahati tu. Miwani amekaa kwenye meza yangu. Vitabu vimepangwa, migongo imenyooka. Shangazi anampelekea chai kwa mkono wake mwenyewe. Mimi miaka yote hii hajaniletea hata maji. Nakiri, roho iliniuma.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kazini. Nikamwambia Shangazi nimeshapumzika vya kutosha. Akasema karibu sana, ila meza itabaki kwa anayeifanyia kazi. Mimi nimsaidie Miwani kukoroga gundi. Nikaenda chooni kufuta macho. Vumbi la karatasi ni baya sana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepata dawa! Asubuhi nimemvuta Miwani pembeni nikamwambia, kwa upole wa kaka, kwamba amekonda, kwamba kazi ya ufundi mkuu humaliza watu, na kwamba aombe sabbatical haraka, meza nitamlindia. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Shangazi. Nawaona kupitia kioo cha mlango. Wanacheka mpaka Shangazi anafuta machozi. Ombi limepita, sina shaka. Nimeshahamishia kikombe changu dirishani.