Kura ya Kifua Changu

Jumatatu, 4 Machi
Mlango mmoja wa moyo wangu umebana. Lazima utengenezwe. Daktari kasema kuna njia mbili: kunipasua kifua katikati kwa msumeno, au kupenya ubavuni kwa tundu dogo. Ipi bora? Hajui! Msomi mzima! Ndiyo maana wanafanya utafiti. Wagonjwa wanagawanywa makundi mawili, kisha wanalinganishwa. Nani aingie wapi, itaamua kura. Nina hiari ya kukataa. Nimekubali.

Nataka tundu. Mfupa ukikatwa, miezi mitatu sibebi kitu, na mimi ni kuli. Kuli asiyebeba ni mzigo. Huko nyumbani mke na watoto wanakula kwa mgongo wangu.

Lakini kura naijua. Haimwendei aliyelala.

Jumanne, 5 Machi
Kampeni imeanza. Nimewasalimia wauguzi wote, hata yule anayenuna daima. Nimeusifu uji. Mpinzani wangu ni fundi cherehani, kitanda cha jirani. Naye anataka tundu. Anawashonea wauguzi vifungo vilivyong'oka. Rushwa mchana kweupe! Nimemwambia mfagizi kwamba mtu anayekoroma vile hafai kuchaguliwa. Akauliza kuchaguliwa nini. Watu wengine hawafuatilii siasa.

Jumatano, 6 Machi
Watu hupenda mchapakazi. Nikasukuma toroli la mashuka korido nzima. Toroli lilifika. Pumzi haikufika.

Nimelazwa na bomba la hewa puani. Muuguzi mkuu akaja amefura, akauliza nani kanituma. Nikamwomba kura yake. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

"Kaka yangu, kura hii haipigwi na mtu. Inachezeshwa na kompyuta. Haikujui wewe, haimjui fundi, na mimi siwezi kuinong'oneza."

Nikauliza inakaa ofisi gani.

Alhamisi, 7 Machi
Kompyuta nimeikuta. Nimeifuta vumbi na kuisalimia kwa heshima. Baadaye nikaambiwa ile ni ya mhasibu. Ya kura iko mji mwingine.

Matokeo: fundi, tundu. Mimi, msumeno.

Fundi kanipa pole. Mshindi lazima ajifanye mwema. Nimempigia mke wangu simu, nikamweleza wizi wote. Akasema, "Baba watoto, mgongo utangoja. Wewe rudi na moyo."

Nimegeukia ukutani kidogo.

Jumatatu, 25 Machi
Nimepasuliwa. Moyo unadunda vizuri, sihemi tena ovyo. Kifua je? Nikikohoa nakumbatia mto kama mchumba. Fundi anatembea korido huku akipiga mluzi.

Daktari kapita. Kasema nisinyanyue hata ndoo. Kesho atakuja mtu kumuuliza kila mgonjwa hali yake, halafu makundi yatalinganishwa. Akasisitiza niseme kweli tupu, kwa sababu wagonjwa wa baadaye watatibiwa kwa majibu yetu.

Yaani kuna duru ya pili! Nimewakusanya wenzangu wa msumeno. Msimamo ni mmoja: hakuna maumivu.

Jumanne, 26 Machi
Wenzangu wamenisaliti. Wote wamesema kweli.

Mimi nikasema siumwi popote. Mwulizaji akanitazama usoni kwa shaka. Basi ili aamini, nikanyanyua kiti.

Naandika nikiwa chali. Mshono umeshika, Mungu mkubwa. Muuguzi mkuu kaondoa viti vyote wodini. Tangu mwanzo nilijua anampigia debe fundi.

Vitanda hajaviondoa.