Kaburi la Lutuku

Raia wote wa Kalemie walitangaziwa kwamba, vita viwepo visiwepo, kuanzia Jumatatu hakuna kiyeyusho, kiwe petroli au pombe kali, kitakachoyeyusha chochote kabla maisha yake hayajachunguzwa, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Mkurugenzi Isidore wa idara ya mazingira alilisoma tangazo mwenyewe kwa kipaza sauti, akajiona tayari ameliokoa ziwa la mji na uchafu.

Ulikuwa mwaka 1999. Petroli yote ilikwenda kwenye magari ya wanajeshi, kwa hiyo Papa Twahiri, mchora vibao, alikuwa akiosha brashi zake kwa lutuku, ile pombe kali ya mihogo. Mwislamu yule hakuwahi kuionja. Mkurugenzi alikamata dumu lake zima.

"Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Cha nani, Papa Mukurugenzi?"

"Cha lutuku! Ilizaliwa wapi? Moshi wake ulienda wapi?"

"Ilizaliwa kwa Mama Kapinga, nyuma ya soko. Papa, brashi zikikauka, watoto wangu sita watakula nini?"

"Sayansi haina watoto," alijibu Mkurugenzi. Aliipenda sana sentensi hiyo, akamwamuru karani aiandike.

Kamati ya watu wanne, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti, ilijifungia bironi, ofisini kwake, ikachunguza. Jumanne ilichunguza ikiimba. Jumatano haikuamka. Kufika Ijumaa dumu lilikuwa tupu, brashi za Twahiri zimekuwa ngumu kama vijiti, na ripoti ikapendekeza dumu la pili.

Jumamosi kamanda wa mji aliingia bironi, Twahiri nyuma yake.

"Kibao cha jina langu hakijachorwa. Eti brashi zimekufa?"

"Uchunguzi unaendelea, mon commandant," alisema Mkurugenzi.

Kamanda aliisoma ripoti polepole. "Kuzaliwa nimeona. Kuzikwa je? Kipengele cha nne umeandika mwenyewe: penye kaburi la kiyeyusho kiwekwe kibao cha hatari, wala kisiondolewe. Kaburi liko wapi?"

Twahiri alinyoosha brashi yake ngumu kuelekea tumbo la Mkurugenzi.

"Kaburi njo hii, mon commandant. Na ingali inapumua."

Kamanda alitoa kopo la petroli kutoka kwenye gari lake, brashi zikalainika. Saa sita mchana Mkurugenzi Isidore alikuwa amesimama mlangoni pa idara yake, kibao kikining'inia shingoni: HATARI. LUTUKU IMEZIKWA HAPA. MUSILETE MOTO.

Alipoomba kuwashiwa sigara, askari walimwonyesha kibao.