Sanduku la Kondomu na Kufa kwa Dawa ya Kichwa

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Zahanati,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mwenye duka la dawa linalotazamana na lango lako, yule mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nimeuza dawa hapa miaka thelathini na minne. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekasirika.

Miezi mitatu iliyopita ulipigilia ukutani, kando ya lango, sanduku la kondomu za bure. Halina mlinzi, halina kufuli, halina hata aibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dawa ya kichwa imekufa. Pengine hujui kazi hii inavyokwenda. Mwanamume alikuwa akija kununua kondomu, anamkuta mama anasubiri dawa ya minyoo, anajikohoza, anaomba dawa ya kichwa. Anarudi baada ya saa moja, anamkuta mwalimu wake wa zamani, anaomba plasta. Palikuwa na fundi baiskeli aliyenunua pakiti sita za dawa ya kichwa kwa siku moja, na kichwa chake kizima kabisa. Tangu sanduku lije, vidonge vimeshika vumbi.

2. Heshima yangu imeshuka. Zamani, mipira ilipokuwa ya uzazi wa mpango tu, nilimuuzia mwenye ndoa, tena baada ya kumuuliza kama mkewe anajua. Ukaja ule ugonjwa, yakaja magari ya vipaza sauti na mabango ya mafuvu. Nesi wenu akaazima mwiko wa mke wangu kufundishia uwanjani jinsi ya kuvaa, na mwiko huo mpaka leo hakuna anayetaka kupikia nao. Hata hivyo watu waliendelea kuja kuninong'oneza: "Mzee, zile soksi." Nami, kwa kuwa sikio langu la kushoto ni zito, nilijibu kwa sauti ya kutosha ili tuelewane: "Kondomu? Ngapi?" Foleni nzima ikageuka kumtazama. Leo nani ananinong'oneza?

3. Watoto wanaadimika. Mkunga wako anafuma sweta kazini, nimemwona dirishani. Ni la nne mwezi huu. Mkunga akipata nafasi ya kufuma mikono yote miwili, taifa linakwenda wapi?

4. Vijana wanachukua huku wanapiga soga za mitihani. Mwalimu wa kwaya alichukua mchana kweupe, kisha akanipungia mkono.

5. Mke wangu. Ana miaka sitini na moja. Alivuka barabara, akachukua mbili, akaja kusoma maelekezo kwa sauti mezani, mbele ya mkwe wetu. Mkwe akamsaidia yale maandishi madogo.

Kwa hiyo naomba sanduku lihamishiwe dukani kwangu, nyuma ya kaunta, lifungwe kufuli. Mwenye haja atajibu maswali matatu: ya nini, na nani, na kwenu wanajua? Akibabaika, nitampa dawa ya kichwa.

Nisalimie manesi wote, mkunga na sweta lake, na mlinzi wa lango anayejifanya haoni.

Wako katika kulinda maadili,
Mwenye duka la ng'ambo ya barabara

Nyongeza: Sanduku ni tupu tangu Ijumaa. Binti yetu wa mwisho amerudi kutoka chuoni. Nimemwona akilifungua mara mbili na kuondoka mikono mitupu. Jana aliingia dukani, akakuta watu, akaniomba dawa ya kichwa.

Yule fundi baiskeli alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Ule ugonjwa ulimchukua, na siku tuliyogawa nguo zake nilizikuta zile pakiti sita kwenye droo, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Sikio langu la kushoto ni zima, Mheshimiwa. Siku aliponunua pakiti zile pia lilikuwa zima. Nakuomba ulijaze sanduku leo, na uliache hapohapo ukutani.