Kompyuta Yangu Inaitwa Bosi

Jumatatu, 4 Mei

Fundi wa kompyuta kapita masjala. Kasema kompyuta mpya zinakuja, zinaanza kwa wakubwa, na kataka kila mtu ampelekee jina la kompyuta yake kabla ya saa sita. Kazi ndogo! Nikasoma lililoandikwa kwenye kifuniko, nikampelekea. Kanijibu mbele za watu kwamba hilo ni jina la kiwanda, na kwamba kwa akili hiyo mimi ningeitwa jina la hospitali nilikozaliwa. Bi Mafaili kacheka mpaka kavua miwani. Huyo ndiye ninayegombania naye ukuu wa masjala. Miaka kumi na moja nausubiri ukuu huo, na Bosi atatangaza Alhamisi.

Jumanne, 5 Mei

Nimelipata! Fundi kasema niingie Mipangilio, halafu Mfumo, halafu Kuhusu. Kuhusu nini? Haisemi. Nikangoja imalizie sentensi. Dakika kumi nzima. Bi Mafaili kapita, kanibonyezea bila kuombwa. Kiherehere! Jina lenyewe ni herufi na tarakimu ovyo ovyo, kama mtu kakalia kibodi. Lakini pembeni pana kitufe cha kubadilisha jina. Aha! Si Fundi alisema kompyuta mpya zinaanza kwa wakubwa? Yangu sasa inaitwa BOSI.

Jumatano, 6 Mei

Kompyuta mpya haijaja. Nimemsimulia mama watoto. Kauliza kama mtu mzima mwenye ndevu hana kazi nyingine ila kubatiza mashine. Hajui siasa za ofisi, masikini.

Alhamisi, 7 Mei

Saa nne asubuhi. Wote wako ukumbini, Bosi anahutubia kabla ya kutangaza. Mimi nimeachwa nipokee simu. Bora, naandika shajara hii kwenye kompyuta yangu kwa raha zangu. Hotuba yenyewe naijua: mafanikio, changamoto, kikohozi. Kipara kinang'aa kuliko maneno. Mh, ukumbini wanacheka! Ajabu, Bosi hana utani. Bi Mafaili naye hawezi kupanga faili bila kuimba kwanza a-be-che. Wanacheka tena, safari hii wanapiga na meza. Na huyu Fundi, nimempiga chenga na jina la BOSI, hana habari! Kimya. Mlango unafunguliwa. Fundi huyo, anakuja mbio, anapunga mikono, anasema niache kuandi

Ijumaa, 8 Mei

Kumbe Bosi alimwagiza Fundi aonyeshe kompyuta ya Bosi kwenye ukuta wa ukumbi, watu waone takwimu. Fundi katazama orodha ya mtandao, kafungua iliyoitwa BOSI. Shajara yangu, ukuta mzima, herufi kubwa kama debe! Aibu ya kufa mtu. Ukuu kapewa Bi Mafaili. Mimi nimehamishiwa stoo pamoja na mashine yangu. Bi Mafaili kaja kunipa pole, kaniambia kwa dhati kwamba naandika vizuri. Nusura nilie.

Kutwa nzima nimejiuliza nilikosea wapi. Sasa nimejua. Nilichagua cheo kidogo. Mipangilio, Mfumo, Kuhusu. Kuanzia leo inaitwa WAZIRI.